Usiseme Naye Kiswahili

Al Khoudh, Maskati
3 Oktoba 1998

Buthaina, mke wangu, nuru ya macho yangu,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko makontena yaliyopo bandarini leo, na leo yapo mengi, maana meli mbili zimeshusha pamoja. Karani mwenzangu Aflah ananiona naandika juu ya meza ya getini, na anacheka. Mwache acheke. Yeye kaoa miaka kumi na mbili iliyopita, keshasahau.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu uondoke. Ndani ya ndoa tumekaa wiki sita tu, na wiki mbili katika hizo mama yako alikuwa amelala chumba cha pili, akikohoa kila tukicheka. Hata hivyo sijapata kuishi wiki kama hizo. Mama yangu anataka kuifua foronya yako. Nimemwambia, mama, ukiigusa tutakosana. Kanitazama, akasema, "Haya, lala na foronya," akenda zake.

Aflah kasema jengine. Kasema, "Thani, we' una Form Four ya Unguja, mkeo anasomea shahada ya pili ya fedha za makampuni. Akirudi atakuajiri." Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mimi naona fakhari, wallahi. Namwambia kila mtu. Jana nimemwambia dereva wa lori ambaye hata Kiarabu hakijui.

Niandikie kila kitu. Usinifiche hata chai uliyokunywa. Simu ya sebuleni mama anaisikiliza, na dakika moja inakula mshahara, kwa hiyo barua ndiyo chumba chetu.

Wako, aliyeachwa na baridi ya kiyoyozi peke yake,
Thani


Glasgow
15 Oktoba 1998

Thani wangu,

Barua yako nimeipata na nimelia kidogo, kisha nikacheka kwa khabari ya foronya. Sisi wazima. Ndugu yangu Amur ananisindikiza kila asubuhi mpaka mlango wa chuo kama mimi ndiye mdogo, na kila usiku anapika mayai. Kijana huyu hajui kitu chengine.

Ulitaka kila kitu, haya. Somo gumu kuliko yote ni la usimamizi wa fedha za makampuni. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba riali ya leo si sawa na riali ya mwakani, hata kama sura yake ni ile ile, kwa sababu ya leo unaweza kuifanyisha kazi. Hilo nimelifahamu. Baada ya hapo sijafahamu kitu. Mwalimu ni Mskochi, anaongea kama mtu anayetafuna, na Kiingereza nilichojifunza chuo kikuu hapo Al Khoudh kumbe ni cha nchi nyengine.

Tumepangwa makundi ya watu watano. Wamo Waskochi wawili, msichana wa Malaysia, mimi, na Raymond, Mtanzania wa Moshi, mhasibu. Siku ya kwanza Raymond alinisikia nikimgombeza Amur mlangoni kwa Kiswahili. Raymond akageuka, akauliza, "Dada, wewe ni wa wapi?" Nikamwambia wa Maskati, lakini mama yangu wa Malindi ya Unguja. Raymond alicheka mpaka akamwaga kahawa. Hakutegemea Kiswahili kitoke kwenye buibui, Glasgow. Tumepewa mimi na Raymond sehemu moja ya kazi: tutafute kampuni moja mtaji wake unaigharimu kiasi gani. Nusu ya maksi za somo ni kazi hiyo, na tutaitetea kwa mdomo mbele ya walimu.

Jipikie, usile mkahawani kila siku. Nakukumbuka, Thani.

Buthaina


Al Khoudh
27 Oktoba 1998

Kipenzi changu, asali ya roho yangu,

Barua yako nimeisoma mara tisa. Mara nane nimeisoma kwa mapenzi. Mara ya tisa nimehesabu. Jina langu umeliandika mara mbili. La Raymond mara tano.

Mimi sina neno. Nimeuliza tu. Ana umri gani huyu bwana? Ameoa? Kama ameoa, mkewe yuko wapi, na kwa nini hayuko naye? Hiyo kazi mnaifanyia wapi, na Amur anakuwa wapi? Ile kahawa iliyomwagika, nani aliifuta?

Usinione mshamba. Najua umekwenda kusoma, na mwenyewe nimetia saini karatasi ya wizara kwa mkono huu huu. Lakini jana nilikuwa nakagua namba za makontena, nikakuta nimeandika R mahala pa namba. Aflah kaniuliza, "Hiyo herufi ya nini?" Nikasema usingizi.

Nakupenda mpaka naumwa. Hilo nalo sikufichi.

Wako wa daima,
Thani


Glasgow
9 Novemba 1998

Thani wangu,

Nakujibu kwa mpango wako. Ana miaka thelathini na nne. Ameoa, mkewe anaitwa Dativa, yuko Moshi na watoto wawili, kwa sababu udhamini wake haulipii familia. Tunafanyia maktabani, kwenye meza ndefu ya watu ishirini, na Amur yuko meza ya pili anasinzia. Kahawa aliifuta mwenyewe kwa skafu yake, na skafu ikaharibika. Umeridhika? Thani, nilicheka mpaka Amur akaja kuuliza kuna nini.

Sasa furahi nami. Nimeifahamu gharama ya mtaji! Wiki tatu nilikuwa natazama mlinganyo kama natazama ukuta. Raymond akafunga kitabu, akasema, "Dada, kuna mama anauza maandazi. Unga kakopeshwa na duka, mafuta kanunua kwa pesa ya dada yake. Duka linataka faida kidogo, maana likikosa linakwenda kumdai. Dada anataka zaidi, kwa sababu biashara ikifa yeye hapati kitu. Kila pesa iliyo kwenye karai ina mshahara wake. Basi andazi moja lazima lilete kiasi gani ili wote wawili wasinune?" Nikakokotoa pale pale, nikapata. Ile ndiyo hesabu yote, Thani, na mimi nimelia kwa ajili yake usiku mbili.

Nimesoma skuli kwa Kiarabu, chuo kwa Kiingereza. Kiswahili kwangu kilikuwa cha kula, cha kugombezwa na mama, na sasa cha kwako wewe. Hakuna mtu aliyewahi kunisomesha kitu kwa Kiswahili. Sikujua kama kinaweza kubeba mambo haya. Nimekwenda nyumbani nikiruka.

Buthaina


Al Khoudh
20 Novemba 1998

Buthaina,

Nimefurahi umefahamu. Nimeanza na hilo usije ukasema sikufurahi.

Kama ni sura yake ningevumilia, maana sijaiona. Kama ni akili yake ningevumilia pia, kwa kuwa Mungu humpa amtakaye. Lakini Kiswahili, Buthaina! Kiswahili ndicho nilichokuposea. Hukumbuki siku ile kwa shangazi yako, kule Ruwi? Wote wanasema Kiarabu, mimi nimeshika kikombe sijui niweke wapi, nawe ukapita ukaninong'oneza, "Kiweke chini, hakiumi." Nilikuoa pale pale, kadhi alikuja kuandika tu. Ofisini una Kiarabu, chuoni una Kiingereza. Mimi nna kitu kimoja chako ambacho dunia haikitumii, na sasa kinatumika maktabani na mhasibu wa Moshi, na kinakufanya uruke.

Mimi sikukufanya uruke kwa hesabu. Mimi nna Form Four.

Basi nakuomba jambo moja, na sitaomba jengine. Kaeni kundi moja, fanyeni kazi, semeni Kiingereza mpaka mchoke. Usiseme naye Kiswahili. Na ili ujue sifanyi mzaha: wallahi, Buthaina, siku neno moja la Kiswahili litakapotoka kwako kwenda kwake, mimi sikuandikii tena mpaka urudi. Nimeapa, na mama kanisikia, kanambia astaghfirullah, lakini nimeshaapa.

Nakupenda kuliko unavyojua.

Thani


Glasgow
2 Disemba 1998

Thani,

Nimepata barua yako. Nimefanya ulivyotaka.

Baridi imekuwa kali. Amur anakusalimu.

Buthaina


Al Khoudh
14 Disemba 1998

Malkia wangu, mwezi wangu wa Ramadhani kabla ya Ramadhani,

Nimefanya ulivyotaka! Maneno mawili, nayo nimeyaweka kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo. Nani mwengine ana mke kama huyu? Nimemsomea Aflah. Kasema, "Barua fupi." Nimemwambia, we' hujui mapenzi, mapenzi ya kweli hayana maneno mengi.

Nalala vizuri sasa. Kula nakula. Mama kasema nimenenepa. Nakuletea halwa kilo mbili kwa mkono wa Bi Shariffa wa hapa jirani, anakwenda huko kumtazama mwanawe. Mgawie Amur, wagawie na hao Waskochi wajue watu wanakula nini. Na Raymond mpe. Mimi si mchoyo. Mpe kidogo, na mpe kwa Kiingereza.

Mtihani wa Januari nakuombea kila sala. Kwa akili yako hiyo utawapita wote.

Wako, mwenye furaha isiyo na kipimo,
Thani


Al Khoudh
22 Januari 1999

Buthaina wangu,

Idi imepita na barua yako haikuja. Nilijua posta ya Krismasi, halafu nikajua posta ya mwaka mpya, sasa sijui posta ya nini. Kwenye simu ya Idi ulisema "sisi wazima," ukampa Amur. Mama kasema sauti yako ni ya mtu anayeumwa meno.

Hukuvunja lile jambo, sivyo? Kama umevunja, niambie. La, usinambie. Hapana, niambie.

Thani


Glasgow
4 Februari 1999

Thani,

Sikuvunja. Ningevunja, leo ningekuwa mtu mwengine.

Nakuandikia kwa utulivu, kwa hiyo nisome kwa utulivu. Nimeanguka somo la fedha. Nimepata thelathini na nane, na kufaulu ni hamsini. Tarehe 24 Aprili narudia tena, kazi na mtihani. Nikianguka mara ya pili wizara inakata udhamini na narudi Maskati bila ya shahada. Barua yao imekuja, Amur ameiona.

Sasa sababu. Baada ya barua yako, nilikwenda maktabani nikamsalimu Raymond kwa Kiingereza. Akadhani ni mchezo, akanijibu kwa Kiswahili. Nikaendelea na Kiingereza. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kazi yetu ikazama, kwa sababu Kiingereza chake cha haraka na changu cha pole havikutani. Wiki ya pili alinifuata kwenye ngazi. "Dada Buthaina, nimekukosea nini?" Nikamwambia kwa Kiingereza, hakuna. Akanitazama sana. Kisha akasema, "Basi nimeelewa. Bibi yangu alituambia, Mwarabu wa Unguja akiwa na shida wewe ni ndugu yake, shida ikiisha wewe ni mtumwa wake. Mimi nilimbishia." Keshoye akaomba ahamishwe kundi.

Ile halwa nilimpelekea. Aliniambia asante, akaiacha mezani.

Ningeweza kumwambia ni amri ya mume wangu. Neno lilikuwa mdomoni, Thani. Lakini niliona angekwenda kuwasimulia wenziwe, wakakucheka, mtu asiyekujua. Nikaona afadhali anidharau mimi kuliko akucheke wewe. Hivyo ndivyo ninavyokupenda, kama bado unahesabu.

Nikianguka tena, nitakuwa nyumbani mwezi wa Mei. Labda hilo ndilo unalolitaka. Sema tu.

Buthaina


Al Khoudh
15 Februari 1999

Buthaina,

Nimeisoma barua yako ndani ya gari, nje ya posta. Nitakwambia kweli yote, hata kama utanichukia.

Nilipofika pale penye "nitakuwa nyumbani mwezi wa Mei", moyo wangu uliruka kwa furaha. Niliona uwanja wa ndege, nikakuona wewe na mkoba. Pengine ni pumzi mbili tu, lakini furaha ilikuwa ya kweli, na baada yake nikajiona mimi ni mtu gani. Mke wangu yuko ukingoni, na mimi napiga hesabu ya kumpokea atakapoanguka.

Halafu nikasoma ulivyonifichia aibu yangu kwa mtu nisiyemjua. Sikuweza kuwasha gari.

Nimekwenda kwa imamu wa msikiti wetu, nikamweleza. Kasema, "Uliapa jambo la kuudhi. Livunje, ulishe masikini kumi, na ukome." Nikamuuliza, nilishe kwanza au aseme kwanza? Kasema, "Mwanangu, wewe hata toba unaitilia wivu." Sikufahamu, lakini niliona haya.

Ijumaa nimepika mimi na mama, birika la chai na sufuria mbili za wali wa nyama. Nimewalisha vibarua kumi wa bandarini, wanaolala nyumba moja huko Mutrah. Mmoja wao, Japhet, wa Mwanza, kaniuliza sadaka ya nani, nani amekufa? Nikamwambia hakufa mtu, niliapa vibaya. Kasema, "Bwana mkubwa, apa tena wiki ijayo."

Sasa sema naye. Sema Kiswahili chote, cha asubuhi na cha jioni. Nami nitakuandikia kila wiki, neno langu livunjike vipande. Ndani ya bahasha hii mna barua ya Raymond. Haikufungwa. Isome kwanza, kisha mpe kwa mkono wako.

Sikwambii nimepona. Jina lake hapo juu nimelikata, kisha nikaliandika upya. Lakini sitaki urudi Mei.

Mume wako,
Thani


Maskati
15 Februari 1999

Bwana Raymond,

Hunijui. Mimi ni Thani, mume wa Buthaina, karani wa bandari.

Mke wangu hakukudharau. Mimi ndiye niliyemkataza kusema nawe Kiswahili, na nilimfunga kwa kiapo. Sababu ni wivu. Aliniandikia kuwa umemfahamisha hesabu kwa maandazi, na mimi mwaka mzima wa uchumba sikumfahamisha kitu. Alipokunyamazia alikuwa ananitii mimi na kunisitiri mimi. Yale uliyomwambia kwenye ngazi hayakuwa yake, yalikuwa yangu, na mimi nayapokea, ingawa si kwa rangi yako wala kwa bara yako nilikuchukia. Nilikuchukia kwa sababu unamchekesha.

Cheka ukitaka. Wasimulie na wenzio. Lakini msomeshe. Tarehe 24 Aprili iko karibu, na hapa hakuna mtu anayeweza kumsaidia, mimi nikiwa wa mwisho.

Nakuomba radhi.

Thani bin Khalfan


Glasgow
1 Machi 1999

Ndugu Thani,

Nimesoma barua yako nimesimama, halafu nikakaa. Nimecheka, siwezi kudanganya. Ila sijamsimulia mtu, isipokuwa mmoja nitakayemtaja hapa chini.

Shemeji yangu Buthaina nimemwomba radhi kwa lile neno la ngazini. Nilikuwa nimelibeba kutoka nyumbani miaka mingi, nikamtupia wa kwanza niliyemwona. Kwa hiyo tumekosa wawili.

Kuhusu wivu, usijione wa ajabu. Mke wangu Dativa ananiandikia ukurasa mmoja kwa mwezi. Nusu ni ada za watoto, nusu ni kuniuliza huyo Mwarabu wa maktabani ni nani na kwa nini namwita dada. Barua yako nimeinakili nikampelekea, ajue hayuko peke yake duniani.

Tumeanza jana. Amesahau mengi, lakini ana hasira, na hasira inasaidia. Tunasoma masaa matatu kila siku, Amur akiwa pembeni. Safari hii hasinzii. Nadhani umemwandikia na yeye.

Nikija Maskati siku moja utanipikia huo wali.

Raymond Shirima


Glasgow
6 Mei 1999

Thani wangu,

Nimepata sitini na mbili.

Nimeandika hilo peke yake juu ili usome, upige kelele, umwambie dereva wa lori, kisha urudi hapa.

Umerudi? Haya. Barua zako kumi na moja zote nimezipata, na katika ya mwisho umeuliza siku ile ya kujitetea ilikuwaje, "yote bila ya kuficha". Nimekaa na swali hilo siku tatu. Kuna sehemu naweza kuiruka, nawe hutajua maisha yako yote, ukalala vizuri na foronya yako. Lakini mwaka huu nilikuficha miezi miwili yaliyonipata maktabani ili usiumie, na nimeona yalivyotugharimu. Kwa hiyo sikufichi.

Walikuwa walimu watatu. Yule Mskochi akaniuliza kwa nini mwenye hisa adai faida kubwa kuliko benki, na kichwa changu kikawa cheupe. Nikasikia feni. Halafu jibu likanijia zima, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa Kiswahili. Na lilinijia kwa sauti ya Raymond. Si kwa sauti yako, wala si kwa yangu. Nililisikiliza mpaka likaisha, nikalitia Kiingereza, nikawapa. Yule Mskochi aliandika kitu, akatabasamu.

Nilipotoka nje mtu wa kwanza niliyemtaka ni wewe. Nilikutaka mpaka nikakaa kwenye ngazi, nikamwambia Amur asinisemeshe.

Yote mawili ni kweli, Thani. Yamekaa ndani yangu pamoja na hayagombani. Najua kwako yatagombana. Ukiumia, umia. Zunguka nyumba, gombana na mama, mwandikie Raymond tusi kama litakupoza, atacheka tu. Kisha kaa chini uniandikie mimi.

Buthaina